Kidhibiti cha MIDI: Fahamu Unachokinunua Kabla ya Kulipa

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayetaka kuanza kutengeneza muziki kwa kutumia kidhibiti cha MIDI, yaani kile kifaa chenye vibonyezo vyeupe na vyeusi ambacho wauzaji wengi hukiita "kontrola" au "midi kibodi". Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

(a) kutofautisha kidhibiti cha MIDI na kinanda cha umeme;
(b) kuchagua na kukikagua kidhibiti akiwa dukani;
(c) kukiunganisha na kompyuta au simu janja hadi kipatikane sauti;
(d) kutambua iwapo tatizo linatokana na kifaa au na mpangilio wa programu, na
(e) kudai haki yake pale kifaa kinapokuwa kibovu au kinapokuwa tofauti na alichoelezwa.

1. Kwa nini somo hili ni muhimu

Mlaji anayeishi karibu na maduka ya Kariakoo anaweza kukosea leo na kurudi dukani kesho. Mkazi wa kata ya Salale, wilayani Kibiti, hana wepesi huo. Safari ya kutoka vijiji vya delta ya Mto Rufiji hutegemea boti na maji kujaa, kisha barabara ya kutoka Nyamisati hadi Bungu, ndipo aifikie barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam. Kwa mlaji huyu, gharama ya kununua kitu kisichofaa haiishii kwenye bei ya kitu chenyewe. Ipo nauli ya kwenda na kurudi, yapo malazi, na zipo siku zilizopotea shambani au baharini. Kwa hiyo ukaguzi unaofanywa kabla ya kulipa una thamani kubwa kwake kuliko kwa mnunuzi wa mjini.

Kosa lililo rahisi kutokea ni hili. Mnunuzi anaona kifaa kinachofanana na kinanda, tena cha bei nafuu kuliko kinanda. Analipa, anasafiri, anafika nyumbani, anachomeka kifaa kwenye umeme na kutafuta mahali pa kuunganisha spika. Hapaoni. Anabonyeza, na hakuna mlio. Anaamini ameuziwa kifaa kibovu, kumbe kifaa ni kizima, ila hakikuundwa kutoa sauti.

2. Kidhibiti cha MIDI ni nini

MIDI ni utaratibu wa mawasiliano unaoviwezesha vyombo vya muziki vya kielektroniki na kompyuta kuelewana. Ulianza kutumika mwaka 1983, baada ya watengenezaji wa Marekani na Japani kukubaliana kuacha kila kampuni kutumia lugha yake. Wanaotajwa zaidi katika kazi hiyo ni Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland. Hadi leo kidhibiti kilichotengenezwa na kampuni moja huweza kutumika na programu ya kampuni nyingine kwa sababu ya makubaliano hayo.

Jambo la msingi ambalo mlaji anapaswa kulielewa ni kwamba ujumbe wa MIDI haubebi sauti. Unabeba maelekezo. Unapobonyeza, kidhibiti hutuma taarifa ya noti gani imebonyezwa, imebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa wakati gani. Noti hupewa namba kuanzia 0 hadi 127, na nguvu ya kubonyeza hupimwa kwa kiwango hicho hicho. Programu iliyomo kwenye kompyuta au simu ndiyo inayopokea maelekezo hayo na kuyageuza kuwa sauti ya piano, filimbi, gitaa au ngoma.

Tofauti hii inaeleweka vizuri kwa mfano wa muziki wetu wenyewe. Vikundi vya mchiriku vya Dar es Salaam vilijulikana kwa kinanda kidogo cha Casio, ambacho kina sauti zake ndani. Singeli, muziki uliokulia katika mitaa ya jiji hilo hilo, hutengenezwa zaidi ndani ya kompyuta. Kidhibiti cha MIDI ni kifaa cha njia hiyo ya pili. Mlaji anayetaka chombo cha kuchukua moja kwa moja hadi kwenye sherehe, bila kompyuta wala simu, anahitaji kinanda cha umeme chenye sauti zake, na si kidhibiti.

Faida ya kidhibiti ni kwamba kinachohifadhiwa ni maelekezo, hivyo noti iliyokosewa hurekebishwa bila kurudia wimbo mzima, na sauti iliyokuwa ya piano inaweza kubadilishwa kuwa ya kinubi baada ya kurekodi. Aidha, faili la MIDI ni dogo mno kulinganisha na faili la sauti, jambo linalopunguza matumizi ya bando kwa wanaotumiana kazi zao kwa simu.

3. Mambo ya kuamua kabla ya kusafiri

Kwanza, utakiunganisha na nini? Kidhibiti kisicho na kompyuta wala simu inayokubaliana nacho hakina kazi. Andika aina ya kompyuta au simu uliyonayo na toleo la mfumo wake. Simu nyingi za Android zenye toleo la 6.0 au la baadaye zinaweza kupokea MIDI, lakini si zote, na huhitaji waya mdogo wa kuunganishia unaojulikana kama OTG. Njia ya uhakika ni kwenda na simu au kompyuta hiyo dukani.

Pili, unahitaji vibonyezo vingapi? Vidhibiti vya kawaida vina vibonyezo 25, 37, 49, 61 au 88. Vibonyezo 25 ni oktava mbili. Vinatosha kutengeneza midundo na kupiga tuni kwa mkono mmoja, na hubebeka kwa urahisi kwenye boti. Anayejifunza kupiga kwa mikono miwili, kama mpigaji wa kwaya au wa taarabu, atafute angalau 49 au 61. Vipo pia vidhibiti vyenye pedi za mpira za kugonga kwa vidole, ambazo humfaa zaidi anayeshughulika na ngoma. Vifundo vya kuzungusha na vitelezi ni nyongeza nzuri, ila mwanafunzi asilipie zaidi kwa ajili yake.

Tatu, je, vibonyezo vinahisi nguvu ya kidole? Baadhi ya vifaa vya bei ya chini hutoa sauti ya kiwango kimoja hata ukibonyeza taratibu au kwa nguvu. Muziki wake husikika mkavu.

Nne, kinatumia njia gani ya kuunganishia? Vifaa vya zamani vina tundu la duara lenye pini tano pekee, na kompyuta ya kawaida haina tundu hilo. Ukinunua cha aina hiyo utalazimika kununua pia kigeuzi. Vifaa vya sasa hutumia USB.

Tano, umeme. Kidhibiti kidogo hupata umeme kutoka kwenye kompyuta kwa waya huo huo wa USB. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa volti 5 na mkondo usiozidi miliampia 500, yaani wati 2.5. Kwa kaya inayotegemea umeme wa jua, mzigo huo ni mdogo. Mzigo mkubwa ni kompyuta mpakato, ambayo adapta yake mara nyingi huandikwa wati 45 hadi 65. Piga hesabu ya betri yako kwa kuzingatia kompyuta.

Sita, programu. Zipo programu halali zisizolipiwa, kama LMMS kwa kompyuta, na GarageBand kwa vifaa vya Apple. FL Studio, inayotumiwa na watayarishaji wengi nchini, ina toleo la majaribio la bure. Hata hivyo toleo hilo halikuruhusu kuifungua tena kazi uliyoihifadhi mpaka ununue leseni. Programu zilizovunjwa kinga zinazouzwa kwa flashi ni ukiukaji wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mara nyingi huambatana na virusi vinavyoweza kuharibu kazi zako zote. Pakua programu ukiwa mahali penye mtandao wenye nguvu kabla ya kurudi kijijini, kwa kuwa baadhi ya mafaili hufikia gigabaiti kadhaa.

4. Ukaguzi dukani

Mwombe muuzaji akiunganishe kidhibiti mbele yako. Asipokubali, au akisema hana kifaa cha kujaribia, tumia simu au kompyuta uliyokwenda nayo. Kisha fanya yafuatayo:

• Bonyeza kila kibonyezo, kimoja baada ya kingine, kutoka kushoto hadi kulia. Usiruke hata kimoja.
• Bonyeza kibonyezo kimoja taratibu, kisha kwa nguvu, usikie kama sauti inabadilika.
• Gonga kila pedi, zungusha kila kifundo, sogeza kila kitelezi.
• Tikisa waya polepole pale unapoingia kwenye kifaa. Mawasiliano yakikatika, tundu limelegea.
• Linganisha namba ya utambulisho iliyoko chini ya kifaa na ile iliyoko kwenye boksi.
• Angalia jina la chapa. Herufi iliyoongezwa au kupunguzwa, chapa iliyofifia na boksi lisilotaja mtengenezaji ni dalili za bidhaa bandia.

Uliza pia kuhusu msimbo wa programu. Vidhibiti vingi vipya huja na msimbo wa kupata programu ya muziki bila malipo ya ziada, na kwa kawaida msimbo huo husajiliwa mara moja tu. Kwa kifaa kilichokwishatumika, au ambacho boksi lake limefunguliwa, msimbo unaweza kuwa umetumiwa na mtu mwingine. Usikubali kuulipia kana kwamba bado ni mzima.

Anayenunua kupitia mitandao ya kijamii na kutumiwa mzigo kwa basi amwombe muuzaji, kabla ya kutuma fedha, video inayoonyesha kifaa kikijaribiwa pamoja na namba yake ya utambulisho. Ahifadhi video hiyo, mazungumzo yote na ujumbe wa muamala.

5. Kuunganisha kwa mara ya kwanza

Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Hatua ya 1. Chomeka waya wa USB moja kwa moja kwenye kompyuta, bila kupitia kigawanyio. Tumia waya uliokuja na kifaa. Nyaya nyingine za simu hupitisha umeme wa kuchaji pekee na hazipitishi taarifa. Taa ya kidhibiti itawaka lakini kompyuta haitakiona.

Hatua ya 2. Subiri kompyuta ikitambue. Vidhibiti vingi vya sasa havihitaji kusakinishiwa draiva. Kama chako kinahitaji, ipakue kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe.

Hatua ya 3. Fungua programu ya muziki, nenda kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya MIDI, chagua jina la kidhibiti chako katika orodha ya vifaa vya kuingiza, kisha ukiwashe.

Hatua ya 4. Fungua chombo ndani ya programu, kwa mfano piano. Hatua hii husahaulika mara nyingi. Bila chombo, maelekezo yanafika lakini hakuna wa kuyageuza kuwa sauti.

Hatua ya 5. Bonyeza. Sauti itatoka kwenye spika au hedifoni za kompyuta, kwa kuwa kidhibiti chenyewe hakina sauti.

Hatua ya 6. Rekebisha uchelewaji. Ukibonyeza na sauti ikaja baadaye kidogo, punguza ukubwa wa bafa katika mipangilio ya sauti. Kwa ubora wa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 1,024 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 23, na ya sampuli 256 kwa takriban milisekunde 6. Katika muziki wa polepole tofauti hiyo huvumilika. Katika singeli yenye mapigo 240 kwa dakika, pigo zima huchukua milisekunde 250 tu, na uchelewaji mdogo humtoa mpigaji nje ya mdundo. Bafa ikiwa ndogo mno, kompyuta dhaifu itatoa sauti ya kukwaruza. Iongeze hatua kwa hatua hadi mikwaruzo iishe. Kwa kompyuta za Windows, kuchagua draiva ya sauti ya aina ya ASIO husaidia sana.

Zoezi la kuanzia: mwombe mpiga ngoma wa kijijini akupigie pigo moja moja katika kila ngoma aliyonayo, na urekodi kila pigo kwa simu mahali penye utulivu. Ingiza sauti hizo kwenye programu na uzipangie pedi au vibonyezo, kila ngoma na kibonyezo chake. Utakuwa na sauti za kwenu, zisizopatikana katika programu yoyote ya kununua. Mwombe mpigaji ridhaa yake, na mkubaliane mapema kuhusu mapato iwapo kazi itauzwa.

6. Kifaa ni kibovu, au mpangilio haujakamilika?

Kabla ya kulaumu muuzaji na kabla ya kugharamia safari, jiulize maswali mawili.

La kwanza: je, ujumbe unafika? Programu nyingi zina taa au alama ndogo inayomeremeta kila ujumbe wa MIDI unapoingia. Isipomeremeta, badilisha waya, badilisha tundu la USB, anzisha upya kompyuta, kisha jaribu kompyuta nyingine. Ikiwa kompyuta mbili tofauti na nyaya mbili tofauti hazikioni kifaa, una sababu nzuri ya kuamini kuwa kifaa ni kibovu.

La pili: ujumbe unafika, mbona hakuna sauti? Hapo kidhibiti kinafanya kazi yake. Hakikisha chombo kimefunguliwa, sauti ya programu haijafungwa, na spika sahihi imechaguliwa. Angalia pia vitufe vya oktava: kidhibiti kilichoshushwa chini mno kinaweza kutuma noti ambazo chombo ulichochagua hakina.

Ikiwa kibonyezo kimoja tu hakiitiki ilhali jirani zake wanaitika katika kila programu, ubovu uko kwenye kifaa. Rekodi video fupi inayoonyesha hali hiyo siku hiyo hiyo.

7. Haki zako kisheria

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi anayemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea utaalamu wake. Muuzaji ambaye biashara yake ni bidhaa za aina hiyo anachukuliwa kuwa ameahidi kuwa bidhaa itafaa kwa matumizi hayo, hata kama hakutamka ahadi yoyote. Kwa hiyo usiseme tu, "Nipe kontrola ya chapa fulani." Ukiagiza kwa jina la chapa pekee, kinga hii inaweza kukukosa. Sema: "Ninataka kifaa nitakachokiunganisha na simu hii, kinipe sauti ya piano." Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti.

Sheria hiyo ina upande wake wa pili. Mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kwa urahisi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuibaini. Ndiyo maana sehemu ya 4 imesisitiza kubonyeza kila kibonyezo. Vilevile, anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kutoa taarifa huhesabiwa kuwa ameikubali. Toa taarifa mapema, kwa maandishi, hata kama huwezi kusafiri mapema.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, ikiwa ni pamoja na kumpotosha kuhusu waranti au haki zake. Bango la "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" halimnyang'anyi mnunuzi haki aliyopewa na sheria pale bidhaa inapokuwa mbovu. Hata hivyo, aliyebadili nia tu, au aliyenunua kidhibiti akidhani ni kinanda bila kuuliza wala kupotoshwa, hana haki hiyo. Kurudishiwa fedha kutategemea hisani ya muuzaji.

Dai risiti ya kielektroniki, na uhakikishe imeandikwa jina na toleo la kifaa. Kifaa kikiwa na tatizo, usikifungue kwa bisibisi. Wasiliana na muuzaji kwanza. Asipokupa ufumbuzi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia. Masuala ya ubora na usalama wa bidhaa, kama adapta inayopata moto kupita kiasi, yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

8. Utunzaji

Hewa ya chumvi na unyevu wa delta huleta kutu kwenye viunganishi. Safirisha kifaa kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, juu ya mizigo na si chini ya boti. Nyumbani, kifunike kwa kitambaa kikavu, na usikiache kimeunganishwa wakati jenereta inawashwa au kuzimwa.

9. Orodha ya kubeba siku ya kununua

□ Simu au kompyuta yangu, ikiwa na chaji na programu
□ Waya wa OTG, kama nitatumia simu
□ Matumizi yangu yameandikwa kwa sentensi moja
□ Kila kibonyezo kimejaribiwa
□ Namba ya utambulisho imelinganishwa
□ Msimbo wa programu umethibitishwa
□ Masharti ya waranti yameandikwa
□ Risiti ya kielektroniki imetolewa

10. Maswali ya kujipima

1. Kidhibiti kimeunganishwa, taa yake inawaka, lakini jina lake halionekani kwenye kompyuta. Utajaribu nini kwanza?
2. Alama ya MIDI inameremeta lakini hakuna sauti. Je, una haki ya kumrudishia muuzaji kifaa?
3. Kwa nini ni bora kumweleza muuzaji matumizi yako kuliko kutaja chapa pekee?

Majibu: (1) Waya mwingine unaopitisha taarifa. (2) Hapana, kidhibiti kinatuma ujumbe, hivyo kagua chombo na mipangilio ya sauti. (3) Kwa sababu sheria humtaka muuzaji atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi aliyoelezwa.